Kufunga Moduli kwa Kompyuta Usiyoiona

Folda ya kazi ina vitu vichache. Mna faili la lugha ya C lenye mistari mia kadhaa, hederi yake, faili dogo la Python, majaribio, leseni, na faili la mipangilio liitwalo pyproject.toml. Moduli hii ina kazi moja: kupokea baiti za picha ya JPEG, kuzifungua kwa msaada wa maktaba ya libjpeg-turbo, na kutoa safu ya rangi ambazo mwandishi wa Python anaweza kuzifanyia hesabu. Python yenyewe ingeweza kuifanya kazi hiyo, ila polepole mno. Ndiyo maana sehemu nzito za lugha hii tangu zamani huandikwa kwa C, C++ au Fortran, na siku hizi kwa Rust pia, kisha zikapachikwa ndani yake kama moduli za nyongeza.

Fundi ninayemtazama ameshamaliza kuandika. Anatoa amri moja, kompaila inafanya kazi kwa sekunde chache, na linatokea faili lenye kiishio cha .so. Python inalifungua, inatafuta ndani yake funksheni ambayo jina lake linaanza na PyInit_, inaiita, na moduli inakuwa hai. Picha inafunguka. Wengi wangeishia hapo, na kwa matumizi yao wenyewe wangekuwa hawajakosea. Yeye ndiyo kwanza anaanza. Kuna mtu asiyemjua, mwenye kompyuta asiyoiona, atakayeandika pip install na kusubiri. Mtu huyo huenda hana kompaila. Huenda hana libjpeg. Kila kitu ambacho kompyuta ya fundi inacho kwa sababu tu kilikuwemo siku zote, huko kinaweza kukosekana, na kazi yote iliyobaki ni kuvitafuta vitu hivyo kimoja kimoja.

Anaanza na kifurushi cha chanzo. Hiki ni faili la tar.gz lenye msimbo kama ulivyoandikwa, pamoja na faili la PKG-INFO linalotaja jina, toleo na mahitaji. Kwa miaka mingi kifurushi cha namna hii kiliongozwa na setup.py na distutils, zana iliyoingia kwenye maktaba ya kawaida ya Python mwaka 2000. Tatizo lake lilikuwa kwamba setup.py ni programu: ili kujua inahitaji nini ijengwe, ilibidi uiendeshe kwanza, nayo haikuweza kuendeshwa bila hayo inayohitaji. Faili la pyproject.toml lilikata mzunguko huo. Mahitaji ya ujenzi yameandikwa ndani yake kama orodha ya kawaida, pip inaisoma kabla ya kuendesha chochote, inatayarisha mazingira safi yasiyo na kitu kingine, na kujenga humo. Distutils yenyewe iliondolewa kwenye Python 3.12, Oktoba 2023.

Amri ya kufunga imekwisha, faili limetoka. Fundi halipeleki popote. Analiorodhesha kwa tar na kusoma majina ya yaliyomo, mstari baada ya mstari, bila kuruka. Faili la C limo. Leseni imo. Hederi haimo. Zana ya setuptools huyachukua mafaili ya C yaliyotajwa kama chanzo cha moduli, lakini hederi haizifuati zenyewe. Ni lazima uzitaje. Kwenye folda yake ujenzi ulipita kwa sababu hederi ipo pale pale kando. Anaongeza mstari mmoja kwenye MANIFEST.in, anafunga upya, anakifungua kifurushi mahali pengine kabisa, na kukijenga huko. Kuanzia hapa hajengi tena kutoka folda ya kazi. Kila hatua inayofuata inaanzia kwenye kifurushi hiki, ili kasoro yake yoyote ijitokeze mbele ya macho yake.

Kifurushi cha pili ni kile kilichokwisha kujengwa, na mtindo wake unaitwa Wheel. Ulipendekezwa na Daniel Holth mwaka 2012, na umbo lake ni jepesi ajabu: faili la zip lenye kiishio cha .whl, ambalo ndani yake mna moduli iliyojengwa na folda ya maelezo. Katika folda hiyo kuna faili liitwalo RECORD, linaloorodhesha kila kilichomo pamoja na ukubwa wake na hashi yake ya sha256. Kusakinisha ni kufungua zip na kuweka vitu mahali pake. Hakuna msimbo wa mwenye kifurushi unaoendeshwa, hakuna kompaila inayoitwa. Mzigo wote wa kujua kama kitu hiki kinafaa kwa kompyuta hii umewekwa kwenye jina la faili.

Mfano mzuri ni jina la faili la NumPy: numpy-1.26.4-cp312-cp312-manylinux_2_17_x86_64.manylinux2014_x86_64.whl. Linasomeka kipande kwa kipande. Kwanza mradi na toleo. Kisha cp312, yaani Python ya kawaida ya 3.12. Kisha cp312 tena, na mara hii inazungumzia namna vitu vya Python vinavyokaa katika kumbukumbu ya kompyuta, kwa kuwa msimbo uliojengwa hugusa kumbukumbu hiyo moja kwa moja na haustahimili mabadiliko. Mwisho mfumo wa uendeshaji na aina ya prosesa. Mtumiaji haoni lolote kati ya haya. Pip inalinganisha jina na kompyuta iliyopo na kuchagua. Kwa hiyo jina ni ahadi. Fundi akiandika manylinux_2_17 bila kuhakikisha, pip itaamini, na moduli itavunjika mikononi mwa mtu mwingine.

Hii 2_17 ndiyo inayokula muda wake mwingi, na ndiyo iliyonifanya nikae na kutazama.

Karibu kila programu katika Linux nyingi hutegemea maktaba ya C iitwayo glibc. Maktaba hii ina ahadi ya upande mmoja: kilichojengwa kwa toleo la zamani kitafanya kazi kwenye toleo jipya, lakini si kinyume chake. Kila funksheni ndani yake ina muhuri wa toleo. Funksheni ya kunakili kumbukumbu, memcpy, ilipewa muhuri mpya katika glibc 2.14 ya mwaka 2011 kwenye kompyuta za x86_64. Ukijenga kwenye kompyuta ya kisasa, moduli yako itadai memcpy yenye muhuri huo, hata kama hukuandika neno jipya lolote. Ukiipeleka kwenye kompyuta yenye glibc 2.12, mfumo utaikataa kabla mstari wa kwanza haujaendeshwa. Fundi yuko kama seremala anayechonga mlango wa nyumba asiyoiona, ambayo ameambiwa jambo moja tu kuihusu: haikujengwa kabla ya mwaka fulani.

Anatoa amri ya objdump -T juu ya faili la .so alilojenga kwenye kompyuta yake, na inatoka orodha ndefu ya majina yenye mihuri. Hatafuti wastani wala anayoyafahamu. Anatafuta muhuri mkubwa kuliko yote, maana huo mmoja ndio utakaoamua. Anaupata: GLIBC_2.38, kwenye jina geni, __isoc23_strtol. Katika msimbo wake hakuna jina hilo. Ameita strtol tu, funksheni kongwe ya kugeuza maandishi kuwa namba. Ila hederi za Python hutangaza _GNU_SOURCE, na hederi za glibc kuanzia toleo 2.38 la mwaka 2023, zikiliona tangazo hilo, hugeuza strtol kimyakimya kuwa hilo jina jipya. Neno moja la kawaida lingetosha kuifunga moduli nje ya kila kompyuta ya Linux ambayo glibc yake ilitoka kabla ya 2023. Ningeliona jina hilo kwenye orodha na kulipita. Yeye alilifuata mpaka kwenye hederi lilikotoka.

Dawa yake ni kujenga ndani ya mfumo wa zamani. Mwaka 2016 Robert McGibbon na Nathaniel Smith waliandika pendekezo la manylinux1, lililochukua CentOS 5 na glibc yake ya 2.5 kuwa msingi wa pamoja: kikipita hapo, kitapita karibu kila mahali. Baadaye ulifuata msingi wa CentOS 6 wenye glibc 2.12, kisha wa CentOS 7 wenye 2.17, na hatimaye namba ya glibc ikawekwa wazi ndani ya jina lenyewe, ndiyo hiyo 2_17 tuliyoiona. Wanaotunza zana za vifurushi vya Python hutoa makontena yaliyotayarishwa kwa kazi hii. Ndani yake glibc ni kuukuu kwa makusudi, lakini kompaila ni mpya, ili msimbo wa leo ujengwe vizuri na bado udai vya zamani tu.

Fundi analifungua kontena hilo. Libjpeg-turbo iliyokuja na CentOS 7 ni ya toleo 1.2.90, nzee mno kwa mahitaji yake, kwa hiyo anaijenga mpya humo humo kutoka chanzo. Hapa nilimwona akifanya jambo ambalo lingepita bila kuonekana. Maktaba hii hupata kasi yake kutoka sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya asembli, nazo kwenye kompyuta za x86_64 zinahitaji zana iitwayo NASM. NASM isipokuwepo, ujenzi hausimami. Hutoa onyo katikati ya mamia ya mistari, na kuendelea bila sehemu hizo. Maktaba inatoka, picha zinafunguka, majaribio yanapita, na kila kitu ni polepole. Fundi anasakinisha NASM, kisha anaongeza REQUIRE_SIMD=1 kwenye amri, ili siku NASM itakapokosekana ujenzi ukatae badala ya kunyamaza. Anajenga moduli yake juu ya maktaba hiyo na kurudia objdump. Strtol imerudi kuwa strtol, na muhuri wake ni GLIBC_2.2.5. Muhuri mkubwa kuliko yote sasa ni 2.14, wa memcpy. Ahadi ya 2_17 inaweza kuandikwa.

Bado haijakamilika. Moduli inadai libjpeg.so.62, ambayo imejengwa ndani ya kontena na haitakuwepo kwa mtumiaji. Usidhani mtumiaji anaweza tu kuisakinisha kwa njia ya mfumo wake: maktaba hiyo hiyo ya libjpeg-turbo Debian huitoa kwa jina la libjpeg.so.62, na Ubuntu kwa jina la libjpeg.so.8. Inabidi isafiri pamoja na moduli. Zana ya auditwheel ndiyo inayofanya hivyo, na kila inachofanya kinaonekana ukiifungua zip kabla na baada. Inasoma moduli inategemea nini. Libc na libm zimo kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa kutoka kwa mwenyeji; libjpeg haimo. Inainakili ndani ya folda mpya yenye jina la mradi na kiishio cha .libs. Inaibadilisha jina, ikiongeza kipande cha hashi. Inatumia patchelf kuliandika jina hilo jipya ndani ya moduli, na kuweka njia inayoanza na $ORIGIN, yaani pale ilipo moduli yenyewe, popote itakapowekwa. Mwisho inaandika upya RECORD, kwa kuwa hashi ya moduli imebadilika na maktaba imeongezwa.

Kile kipande cha hashi kwenye jina si pambo. Mfumo wa Linux, ukiombwa maktaba ambayo jina lake limeshafunguliwa ndani ya programu hiyo, hutoa ile iliyopo tayari. Vifurushi viwili vyenye libjpeg.so.62 tofauti vingeishia kutumia moja, ya yule aliyetangulia, na aliyechelewa angepewa maktaba asiyoijenga. Kubadilisha jina kunawatenganisha. Lakini hata hivyo kubeba maktaba kuna gharama, na mafundi wamejifunza kwa kuumia. Psycopg2, moduli ya kuzungumza na hifadhidata ya PostgreSQL, ilibeba libssl yake ndani ya kifurushi kilichojengwa. Libssl hiyo iligongana na ile ya Python, na programu za watu zikaanguka ghafla zilipofanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Tangu toleo 2.8 la mwaka 2019, kwenye Linux jina la psycopg2 hutoa chanzo peke yake, na anayetaka kilichojengwa anaomba psycopg2-binary kwa hiari yake. Na anayebeba maktaba amebeba pia ulinzi wake. Septemba 2023, ulipogunduliwa udhaifu mkubwa katika libwebp, maktaba ya picha za WebP, kusasisha mfumo wa uendeshaji hakukumsaidia aliyesakinisha Pillow, moduli ya kushughulikia picha, kutoka faili la whl, kwa sababu libwebp yake ilikuwa ndani ya Pillow. Ilibidi Pillow 10.0.1 itolewe. Fundi wangu anaweka leseni ya libjpeg-turbo kando ya leseni yake, na anajiandikisha kupokea taarifa za matoleo yake. Nafikiri hilo la pili ni sehemu ya ufungaji sawasawa na patchelf.

Kwenye Mac na Windows hadithi ni ile ile kwa zana nyingine, na anaipita kwa haraka zaidi. Kwa Mac, delocate hunakili maktaba na kubadilisha njia. Kwenye Mac zenye prosesa za Apple faili likiguswa sahihi yake huvunjika, kwa hiyo hutiwa sahihi upya. Delvewheel hufanya kazi hiyo kwa mafaili ya DLL ya Windows. Alpine Linux, ambayo haitumii glibc bali musl, ina jina lake la musllinux tangu 2021, na hujengwa katika kontena lake.

Kwenye prosesa anasimama tena kidogo. Katika mipangilio yake ya kila siku kuna -march=native, agizo la kompaila kutumia kila uwezo wa kompyuta iliyo mbele yake. Analifuta. Moduli iliyojengwa hivyo, ikifika kwenye prosesa kongwe kidogo, husimamishwa kwa kosa la agizo lisilojulikana, bila maelezo ambayo mtumiaji anaweza kuyaelewa. Jina linasema x86_64 tu, na ahadi inatimizwa kwa kushuka mpaka kiwango cha chini cha jina hilo. Kasi haipotei yote, kwani libjpeg-turbo huuliza prosesa inapoanza kazi na kuchagua njia inayofaa.

Sasa hesabu. Anataka kuhudumia Python kuanzia 3.10 hadi 3.14, ambayo ni matoleo matano. Linux ya glibc kwa prosesa mbili, Alpine kwa prosesa mbili, Mac kwa mbili, Windows kwa moja: mifumo saba. Mafaili 35 kwa kila toleo la moduli yake. Zana ya cibuildwheel inaweza kuyazunguka yote bila kuchoka, lakini yeye anauliza kama yanahitajika. Tangu Python 3.2 ya mwaka 2011 kuna kiolesura kisichobadilika, kinachoitwa abi3 katika majina ya mafaili: ukijifunga kutumia funksheni zilizomo tu, faili moja hufanya kazi kwa matoleo yote yanayofuata. Anapitia msimbo wake akilinganisha kila mwito na orodha. Kinachomkwaza ni kimoja. Ili kusoma baiti za picha bila kuzinakili anatumia PyObject_GetBuffer, na hiyo iliingia kwenye kiolesura hicho katika Python 3.11. Angeweza kuzinakili baiti na kupata faili moja kwa kila mfumo. Anakataa: picha za watu ni kubwa, nao ndio wangelipa kwa kumbukumbu ya kompyuta zao, kila siku, ili yeye apumzike siku ya kutoa toleo. Anajenga faili la 3.10 peke yake, na la abi3 kuanzia 3.11. Mafaili yanakuwa 14. Python zisizo na kufuli kuu, lile linalozuia nyuzi mbili kuendesha msimbo wa Python kwa wakati mmoja, zilizoanza kutolewa na 3.13, zinadai mafaili yao mbali, na hizo anaziahirisha mpaka awe ameikagua kila kigeu kinachoshirikiwa katika msimbo wake.

Majaribio anayafanya ndani ya kontena tupu lisilo na kompaila, lisilo na libjpeg, lisilo na folda yake ya kazi. Hilo la mwisho lina sababu. Python hutazama kwanza folda uliyopo, na mtu anaweza kudhani anajaribu alichosakinisha kumbe anajaribu msimbo ulio kando yake. Ndiyo maana msimbo wake wa Python unakaa ndani ya folda ya src, usiweze kuokotwa kwa bahati. Anasakinisha faili la whl, anafungua picha kadhaa, zikiwemo zilizoharibika makusudi. Kisha anapima muda wa kuzifungua, kwa kuwa ule ukosefu wa NASM ungeonekana hapo tu.

Kupakia kwenye PyPI, hazina ya vifurushi vya Python, ni amri moja, na hairudiwi. Jina la faili likishatumika haliwezi kupakiwa tena, hata ukilifuta; kosa husahihishwa kwa toleo jipya. Kwa hiyo kabla ya kupakia anakirudia kile kifurushi cha chanzo.

Kuna wanaokihitaji ambao hawatayagusa yale mafaili 14. Wapo wa FreeBSD, ambao hakuna jina linalowafaa. Wapo watunzaji wa Debian, ambao hujenga kila kitu wenyewe kutoka chanzo na hawataki libjpeg ya mtu mwingine, kwa kuwa wanayo yao wanayoilinda. Kwao wajibu unageuka: faili la whl limebeba kila kitu, na chanzo hakitakiwi kubeba chochote kisicho chake. Fundi amehakikisha kwamba ujenzi kutoka chanzo hutafuta kwanza libjpeg ya mfumo, kwa jina lolote iliyopewa, na hausakinishi wala kupakua kitu kisirisiri. Debian hujenga bila mtandao. Naye anazima mtandao wa kontena, anakifungua kifurushi, anajenga. Moduli inajengeka. Anaendesha majaribio, na moja linashindwa: lilikuwa likipakua picha ya mfano kutoka seva fulani, na kwa kuwa mtandao ulikuwepo siku zote, hakuna aliyegundua. Anaiweka picha hiyo ya kilobaiti chache ndani ya folda ya majaribio, anaandika leseni yake kando, anaitaja kwenye MANIFEST.in, na kufunga kifurushi upya tangu mwanzo, akianza kwa kuorodhesha yaliyomo.